Ngazi ya Wasiwasi

"Yule Profesa wako, kazi yake ya kweli iko nini?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi moja, ameinamia kinu, vipande vya sombe, majani ya muhogo, vikimrukia hadi kwenye nywele. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nina jibu kwa kila swali na swali kwa kila jibu, lakini hilo lilinishinda. Nikasema ni mtaalamu wa sayansi ya siasa. Mama akatwanga. Nikasema anachunguza siasa ya nje ya nchi za Ulaya. Mama akatwanga tena, kisha akauacha mchi usimame kinuni.

"Anaichunguza, anaikuta, halafu anaifanyia nini?"

Ng'ambo ya barabara Profesa mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani kwake, redio sikioni, macho yameelekea ziwani. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeifunika rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji. Ukimwangalia ungedhani Ulaya imelala pale pale nyuma ya ule ukungu, na kwamba yeye anasubiri tu uondoke ili aione ikiamka.

Mjini kwetu Baraka, mtu hujulikana kwa kile anachouza, anachovua au anachohubiri. Yeye hakuuza, hakuvua, na kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwa hiyo watu walimwita kwa jina la mahali ambako mawazo yake yalilala: Profesa wa Bulaya. Sisi wanafunzi, akiwa mbali, tulimwita Bwana Wasiwasi, na sababu yake nitaieleza.

Saa yake ya mkononi ilifuata saa za Brussels. Miezi ya joto lao, Baraka na Brussels zina saa zile zile. Wao wakirudisha saa zao nyuma, sisi tunawatangulia. Basi nusu ya mwaka Profesa aliishi pamoja nasi, na nusu nyingine alitufuata kwa nyuma. Siku ya kwanza ya kuchelewa, mmoja wetu alisimama mbele ya darasa lisilo na mwalimu na kutangaza, "Bon, baridi imeingia Bulaya." Tukatoka kununua karanga, tukarudi, tukakaa. Naye akaingia bila jasho wala samahani, akaanza somo katikati ya sentensi aliyoiacha wiki iliyopita. Mkuu wa chuo alipomwita kumgombeza, alijibu kwa upole kwamba anayevizia mlango hufuata saa za mwenye nyumba, wala si zake.

Mimi hilo liliniudhi. Kila kitu kiliniudhi miaka ile. Nilinyoosha mkono kuuliza sababu.

"Prof, juu ya nini tunajifunza bantu benye habatujifunze sisi?"

Alicheka kwa pua. "Panya anajua saa ya paka kulala. Ni juu anamupenda?"

"Lakini panya habandike picha ya paka kwa ukuta."

Darasa lililipuka. Nyuma yake ilining'inia ramani ya Ulaya, kubwa, ya rangi, imekunjika kwenye pembe. Aliitazama muda mrefu, mgongo wake umetugeukia. "Ile nitaifikiria," akasema.

Wiki iliyofuata ramani haikuwepo. Ulibaki mraba mweupe ukutani, mahali ambapo vumbi halikuwa limefika. Na Profesa, bila kusema neno, akaendelea kufundisha kwa kuunyoshea kidole ule mraba mtupu. Hapa Ujerumani. Hapa Ureno, mwisho kabisa, miguu yake iko ndani ya maji. Hapa nchi ndogo ambayo kila mtu anapita na hakuna anayelala. Kichekesho ni kwamba baada ya mwezi tulikuwa tunaziona. Mwanafunzi akiitwa mbele, aliweka kidole mahali pale pale, na sisi wengine tulimkosoa: hapana, hiyo ni Austria, sogea kidogo. Hadi leo nikifumba macho Ulaya yangu ni nyeupe, ina ukubwa wa kitanda, na ina ufa mmoja unaotoka Poland hadi dirishani.

Hakuwahi kufika huko. Watu wa nje ya Baraka wakisikia hilo hufikiri ninamdhihaki. Alitetea tasnifu yake Lubumbashi, akaandika vitabu viwili vyembamba, akaalikwa mara kadhaa kwenye mikutano ya wataalamu wa Ulaya huko Ulaya, na kila mara viza ikakataliwa. Mara ya mwisho walimwambia kwamba hawana hakika kama atarudi kwao. Alitusimulia bila uchungu, kama mtu anayesimulia ndoto ya jirani.

"Bananijua mubaya," akasema. "Mimi hata nikilala Bukavu siku mbili, naanza kuota ndagala."

Lakini aliijua mitaa yao. Alijua jengo ambalo mawaziri wao huingilia kwa mlango wa pembeni, alijua nani hukaa karibu na nani, na alidai kujua siku ambazo kahawa huwa mbaya. Alijua haya yote, kisha akapotea sokoni Baraka. Nilimkuta mwenyewe siku moja kati ya wauza mawese na wauza chumvi, koti la suti juu, sandali za plastiki chini, akigeuka polepole kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Binti yangu," akaniambia, "hapa zamani palikuwa na njia." Hapakuwa na njia. Nilimshika kiwiko nikamtoa.

Ukiondoa vumbi lote, kazi ya maisha yake ilikuwa swali moja: nchi nyingi zikikaa mezani kutafuta neno moja la kusema juu ya damu ya watu wa mbali, neno hilo linapatikanaje? Nani analipunguza, nani analiongeza, na kwa nini asubuhi lilikuwa kali na jioni limelainika? Alisoma matamko yao jinsi wavuvi wetu wanavyosoma rangi ya maji. Humo ndimo alimopata ile ngazi ya wasiwasi iliyompa jina kwetu wanafunzi.

Mtaani kwetu kulikuwa na lubunga, kibanda cha nyasi kisicho na kuta ambako wanaume wa Kibembe huketi, huletewa bugali kutoka kila nyumba, hula pamoja na kuamua kesi. Wanawake hatukuketi humo. Lakini lubunga haina ukuta, na sauti haichagui mwanamke wala mwanaume. Mama na mimi tulisikia yote tukichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, upande wa pili wa uzio. Jioni moja Profesa alifika na kipande cha ubao alichokipaka rangi nyeusi, akakiegemeza kwenye nguzo, akachora ngazi. Akaandika kutoka chini kwenda juu: Tunafuatilia kwa makini. Tuna wasiwasi. Tuna wasiwasi mkubwa. Tunalaani. Tunalaani vikali.

"Bulaya inapanda hivi," akasema. "Hairuke ngazi."

Mzee wa lubunga, yule aliyesikiliza kesi zetu zote za mbuzi na mahari, aliinua mkono.

"Ngojea, Profesa. Nyumba ya jirani inaungua. Muzungu anasimama kwa mulango. Anasema nini?"

"Kwanza anasema anafuatilia moshi, Mzee."

"Bon. Moto imepanda kwa paa."

"Iko na wasiwasi."

"Batoto bako ndani!"

"Wasiwasi mukubwa."

"Na maji? Maji iko ngazi gani?"

Lubunga ilicheka hadi kuku wakaruka. Hata Mama alicheka, akajifuta machozi kwa mkono wenye magamba ya samaki. Profesa hakucheka. Aliutazama ubao wake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuchora.

"Maji haiko kwa hii ngazi, Mzee," akasema. "Ni ile nilitaka muone."

Hawakuona hilo. Waliona kitu kingine. Watu wa mwambao huu wamekimbia mara nyingi mno kuweza kudharau ishara, na ishara ilikuwa imewekwa mbele yao, imepangwa kwa ngazi, rahisi kuliko ndoto na rahisi kuliko mlio wa ndege. Bazungu wana mashine zinazotazama kutoka juu, walisema. Wakiwa na wasiwasi, basi wameona kitu. Haukupita mwezi, mtaa mzima ulikuwa unaitumia ngazi ile kupanga maisha. Ilipokuwa "tunafuatilia", watu walilima. Ikifika "wasiwasi", walianza kufunga magodoro kwa kamba.

Hodari wao alikuwa Mama Injini. Jina hilo alilipata kwa mitumbwi yake miwili yenye mota, iliyovusha watu kwenda Ubwari, na kwa sauti yake iliyozishinda mota zote mbili. Kila asubuhi alisimama barabarani, khanga begani, akaita:

"Profesa! Leo Bulaya iko ngazi gani?"

"Mama, hii siyo météo ya mvua!"

"Najua! Météo inadanganyaka!"

Profesa aliingia ndani akafunga mlango. Lakini baada ya muda dirisha lilifunguka kidogo, na sauti yake ikatoka, ya mtu aliyeshindwa: "Wasiwasi. Si mukubwa." Na Mama Injini akashuka ziwani ameridhika.

Nilidhani angefurahi kuwa mtu muhimu. Hakufurahi. Aliogopa maneno kuliko watu wote niliowahi kuwajua, jinsi fundi wa umeme anavyoogopa waya. Katika mtihani niliwahi kuandika kwamba Ulaya "ililaani" mahali ambapo ilikuwa "imesikitishwa". Alinipa sifuri katika swali zima. Nilimfuata hadi kibarazani kwake na karatasi yangu ya mtihani.

"Prof, ni neno moja tu!"

"Juu ya ile neno moja, mabalozi hawakulala."

"Na sisi?"

"Sisi tulikuwa hatulale kwa vyovyote." Alinisogezea kiti. Hakuwa na kitu cha kunipa isipokuwa ndagala alizozikaanga mwenyewe kwa mawese mengi mno. Wanawake wa mtaa walizicheka, na mimi nilizila zote. "Sikia, binti yangu. Usilishe muntu maneno. Hata adui. Hata kama unajua alipashwa kuyasema. Siku utamulisha, sayansi imekufa, imebaki radiotrottoir, uvumi ya barabarani."

Nilimwuliza kama sayansi imewahi kumwokoa mtu yeyote katika teritwari yetu ya Fizi. Aliwaza. Alikuwa na tabia hiyo ya kuwaza kweli, hata juu ya tusi. "Bado," akasema.

Balaa lilikuja msimu wa mahindi. Ulaya ilipanda hadi ngazi ya juu, "tunalaani vikali", kwa jambo lililotokea mbali sana kaskazini, siku nyingi za safari kutoka kwetu. Mtu alilisikia redioni, akalipeleka sokoni, na jua halijafika utosini mtaa wetu ulikuwa umejaa ndani ya mitumbwi. Nakumbuka mbuzi wakilia, na mama mmoja amebeba mlango wa nyumba yake kichwani. Na ninamkumbuka Profesa ndani ya maji hadi magotini, na koti lake, akipunga mikono.

"Si kwetu! Musikie mwisho wa sentensi! Ni kaskazini!"

Hakuna aliyesikia mwisho wa sentensi. Tulikaa Ubwari hadi chakula kilipotuishia, kisha tukarudi kwa aibu. Hakuna kitu kilichoguswa, isipokuwa mihogo ambayo kila nyumba ilikuwa imeiacha ikilowa majini. Ilikuwa imeoza. Mtaa mzima ulinuka, na kwa miezi kadhaa mtoto akichafua hewa, wenzake walipiga kelele: "Amelaani vikali!"

Lubunga ilimwita Profesa kama mshtakiwa. Alikaa kwenye kigoda kile wanachokikalia wezi wa mbuzi, magoti yake juu karibu na kidevu. Hawakumtoza kitu. Walimheshimu mno. Mzee wa lubunga alitoa hukumu iliyokuwa kwa kweli sheria kwa wote:

"Tangu leo, muntu asikimbie juu Bulaya imekasirika tu. Bulaya inakasirikaka na bengi. Ikitaja Fizi, ikitaja Baraka kwa jina, tunaenda. Isipotaja, tunabakia."

Profesa aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa na nuru ya mtu ambaye mwanafunzi wake mzito hatimaye ameelewa. "Mzee, hiyo ni kigezo," akasema. "Kigezo kizuri kabisa."

Mimi nilimngoja njiani. "Prof, na kama hawajui jina letu?"

Ziwa lilikuwa shwari, la rangi ya majivu, na mvuvi mmoja alionekana amesimama juu ya hewa.

"Watalijua," Profesa akasema.

Kisha ukaja mwaka ambao vita vilishuka kando ya ziwa. Vilitangulizwa na watu. Kwanza walipita wenye pikipiki, halafu wenye baiskeli, halafu wenye miguu tu. Kambi ya Lusenda, ambako walikaa Warundi walioikimbia nchi yao, ilianza kuwapokea Wakongo waliokimbia ndani ya nchi yao, na Mrundi mmoja akaniuliza sokoni, kwa adabu kabisa, ni upande gani sasa watu wanakimbilia. Waliofika kutoka Nundu, kaskazini yetu, walisema bunduki zinasikika. Mtandao wa simu ulikatika. Zikabaki redio za betri na midomo ya watu.

Mtaa wetu haukusogea.

Ninajua jinsi hilo linavyosikika kwa mtu asiyekuwepo. Lakini tulikuwa na sheria, nayo ilitokana na aibu, na watu hutii aibu kuliko hofu. Pia walikuwa wamechoka. Mihogo ilikuwa tena ndani ya maji. Mimi nilikuwa na sababu moja ya kutolala: goti la Mama. Lilikuwa limevimba tangu mvua, hakuweza kukimbia, na kila mtu hapa anajua kwamba mitumbwi ya mwisho hujaa vibaya, watu hupanda juu ya watu, na wenye miguu mibaya hubaki ufukweni. Kama Mama angeondoka, ilibidi aondoke mapema, wakati bado kuna nafasi ya kutembea polepole.

"Mama, twende kesho."

"Bulaya imesema?"

"Mama, tafazali!"

"Haijasema. Nenda uchote maji."

Profesa alikuwa amejua kabla yetu sote. Alipita nyumba hadi nyumba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akibisha kwenye vizingiti ambavyo hakuvijua. Nilimkuta mbele ya Mama Injini, ambaye alikuwa ameshajaza mafuta kwenye mota zake na kuketi juu ya pipa, akingoja kama watu wengine.

"Mama, bapeleke bantu leo," Profesa alisema. "Leo hii."

"Ni Bulaya inasema, ao ni wewe?"

"Ni mimi."

"We uko nani?"

Nilimwona akitafuta jibu ndani yake jinsi alivyoitafuta ile njia sokoni.

Mama Injini alilainisha sauti, na ile sauti yake ikilainika ilitisha kuliko ikipanda. "Profesa, tunakupenda. Uko jirani yetu. Lakini sisi hatukuulizake wewe. Tunaulizaka Bulaya."

Alirudi kibarazani kwake. Mchana ule wote alikaa na redio sikioni, na kila nilipopita niliona midomo yake ikisogea kidogo, kama mtu anayesali au anayejifunza kitu kwa moyo. Hewa ilikuwa nzito. Mbali, upande wa kaskazini, kulikuwa na mlio ambao ungeweza kuuita radi kama ungetaka.

Asubuhi mapema aligonga ile rimu ya gari iliyoning'inia lubungani, kengele yetu ya misiba. Watu walikuja mbio, wanawake pia. Siku hiyo hakuna aliyetukumbusha tusimame nje. Ubao ulikuwa tayari umeandikwa, kwanza kwa Kifaransa, kama desturi yake, kisha kwa Kiswahili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Alisoma wima, sauti haikutikisika:

"Tunalaani vikali mashambulizi yanayoielekea teritwari ya Fizi. Tunawaomba wakaaji wa Baraka waokoe maisha yao bila kukawia."

"Inasema Baraka?" aliuliza Mzee wa lubunga.

"Inasema Baraka, Mzee."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Mzee aligeuka akatutazama sote, mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kumbe banatujua," akasema.

Mambo mengi ya siku hiyo yamenitoka, lakini hilo halitoki. Watu waliondoka karibu kwa fahari. Nimeona watu wakikimbia tangu utotoni, na sijawahi kuona mkimbio kama ule: bila kusukumana, wazee mbele, kama watu walioalikwa harusi. Walisalimiana. Mama alitembea na goti lake akiniegemea, polepole, polepole, na njia nzima alirudia kwa sauti ya chini, "Banatujua. Walikaa kule kwa meza yao, wakasema Baraka." Mota zikanguruma. Mama Injini alituhesabu kwa kelele, akatutukana kwa furaha, akavusha mtaa wote kwa safari nyingi za maji matulivu, na kila mtu alipata mahali pa kukaa. Mimi, niliyehoji hata sala ya chakula, sikuuliza kitu.

Profesa alipanda mtumbwi wa mwisho. Alikaa ameipa Baraka mgongo.

Kesho yake, kutoka Ubwari, tuliuona moshi wa mtaa wetu. Ulipanda wima kabisa, kwa sababu hapakuwa na upepo, na kwa mbali ulikuwa mzuri. Ninasikitika kusema hivyo lakini ulikuwa mzuri. Nyumba yetu ilipoteza paa. Lubunga iliungua yote na ubao ndani yake. Ila watu walikuwa upande huu wa maji, wakihesabiana, wakijikuta wote wapo.

Vita vilipopita tulirudi, Profesa akabaki Ubwari. Chuo kilimtumia watu kumwomba arudi kufundisha. Aliwakaribisha, akawapa ndagala zake zenye mafuta, akasema amestaafu. Mama Injini alinunua mtumbwi mpya na kuandikisha ubavuni, kwa herufi nyekundu: BULAYA INATUJUA. Ulikuwa mtumbwi wa kasi kuliko yote, na Profesa alikataa kabisa kuupanda. Alikaa juu ya jiwe hata nusu siku, akingoja mwingine. Tulisema ni unyenyekevu.

Nilimwona mara ya mwisho kabla sijaenda Lubumbashi kuendelea na masomo. Nilimkuta akianika vitunguu juu ya mkeka, amekonda, koti limemzidi mabega. Kijiji kile cha wavuvi kilikuwa kimya saa hiyo, kila mtu amelala baada ya kazi ya nyavu, na mwanga juu ya maji ulifanya mtu asiwe na hakika kama yuko macho. Nilimwambia habari zangu kwa haraka, kama mtoto. Nilikuwa nimechagua mada. Matamko ya Ulaya juu ya mashariki ya Kongo.

Aliendelea kugeuza vitunguu. "Utaanza na mwaka gani?"

"Mwaka tulikimbia. Ile tamko yetu. Naiweka sura ya kwanza."

"Acha ile. Anza na mwaka ingine."

"Juu ya nini, Prof?"

"Kitu unapenda, usikitie kwa sura ya kwanza. Utakisamehe kila kosa."

Nilibisha, bila shaka. Nilimwambia hiyo si hoja ya kisayansi. Alicheka kwa pua kama zamani, akaacha vitunguu, akaniuliza habari za goti la Mama. Nikasema Mama anatembea, anauza tena samaki, na bado anawasimulia wateja wake ile asubuhi, jinsi Ulaya ilivyotamka jina letu. Wateja wapya huisikiliza yote ndipo wapewe samaki.

Alivirudia vitunguu, akageuza hata vile alivyokwisha kuvigeuza.

"Umwache," akasema. "Mambo ya chuo usimupelekee."

Alinisindikiza hadi majini. Mtumbwi wenye herufi nyekundu ulikuwa unaningoja, na Mama Injini alikuwa anampigia makelele kutoka mbali: "Profesa wa Bulaya! Na leo utakataa kunipandia?" Yeye alimpungia mkono, akaniangalia usoni.

"Wewe unaulizaka sana," akaniambia. "Ile asubuhi haukuuliza."

"Nilikuwa nimeshika Mama mukono."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Profesa alikuwa ameshazikwa kule kule Ubwari, na mimi niko mwaka wa mwisho wa utafiti wangu, nilipomaliza kusoma kila tamko ambalo Ulaya ilitoa juu ya Kongo mwaka ule, la kwanza hadi la mwisho. Jina la Baraka halimo, wiki ile wala wiki nyingine yoyote.